Kuanza uhunzi: moto, fuawe na chuma cha kwanza

Mwanagenzi

Ndugu zangu mafundi, nawasalimu. Kwa muda mrefu nimetamani kujifunza uhunzi, yaani kufua chuma kwa moto na nyundo, wala si kuchomelea kwa umeme, kazi ambayo tayari ninaifahamu kidogo. Nyuma ya nyumba ninayo sehemu iliyoezekwa lakini isiyo na kuta, na nimeanza kukusanya vitu: kipande cha springi bapa ya gari, nondo chache, bomba la maji lililopakwa zinki ambalo nakusudia lipeleke hewa kwenye tanuri, pamoja na nyundo ya seremala.

Sina fuawe, yaani chuma kizito cha kufulia juu yake, na kila ninapotafuta habari zake nakuta watu wakisisitiza kwamba bila fuawe halisi hakuna uhunzi. Je, ni kweli? Pili, nitumie mkaa wa kuni au makaa ya mawe? Tatu, nitajuaje kwamba chuma kimepata joto linalofaa, ikiwa sina kifaa chochote cha kupimia? Mwisho, nilitaka kazi yangu ya kwanza iwe kisu kutokana na ile springi, kwa kuwa nimesikia kwamba chuma chake ni kizuri. Naomba mnielekeze nianzie wapi, na kama kuna jambo ninalolipanga vibaya mniambie mapema.

Mzee Mvukuto

Karibu sana, kijana wangu. Nianze na bomba lako, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri: usilitumie popote karibu na moto. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, na kitovu cha moto wa mhunzi hupita hapo bila taabu. Moshi wake huacha ungaunga mweupe, na anayeuvuta hujikuta saa chache baadaye akitetemeka kwa baridi, homa ikimpanda na kifua kikimbana, hata adhani ameugua maradhi mengine kabisa. Tafuta bomba la chuma kitupu, lisilo na rangi wala mpako wowote, lenye tundu la sentimita 2 hadi 3.

Kuhusu fuawe nitawaachia wengine, maana mimi naamini kwamba mwanafunzi anahangaika mno na fuawe na kuhangaika kidogo mno na moto. Anayeujua moto wake atafua ndoano nzuri juu ya kipande chochote kizito cha chuma. Asiyeujua ataharibu kazi hata akipewa fuawe ya kifahari. Ndiyo maana ningependa wiki zako za kwanza uzitumie kujifunza kuuwasha, kuulisha, kuupulizia na kuusoma.

Tanuri la kuanzia halihitaji ufundi mkubwa. Chukua sanduku imara, hata la mbao, lijaze udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na kushindiliwa, kisha uchimbe juu yake mfereji mfupi wenye kina cha kiganja kimoja na nusu hivi. Bomba la hewa lipenye ubavuni na kutokeza karibu na sakafu ya mfereji, ili chuma kitakapolazwa kiwe juu ya mdomo wa bomba kwa sentimita 8 hadi 10, kikiwa na mkaa unaowaka chini yake na mwingine juu yake. Uache udongo ukauke taratibu, kisha uwashe moto mdogo kabla ya ule mkubwa, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke na kuupasua. Kwa sababu hiyohiyo usizungushie mawe ya mtoni wala vipande vya zege, maana huweza kuruka vigae usoni mwako.

Kwa kupulizia, feni ndogo au mashine ya kukaushia nywele inatosha, ilimradi uweze kupunguza hewa, aidha kwa kuweka kilango kwenye bomba au kwa kuisogeza mashine nyuma kidogo. Mvukuto wa mkono ni bora zaidi kwa anayejifunza, kwani mkono ukiacha kusukuma moto nao hupoa, na kazi iliyosahaulika haiungui.

Sasa mkaa. Kwa kuanza nakushauri utumie mkaa wa kuni. Hauna salfa ya kuhofia, huwaka bila moshi mwingi na hushika moto haraka. Makaa ya mawe hutoa joto kubwa na hudumu zaidi, lakini yana kazi yake ya ziada: hufuka moshi mzito mwanzoni, yanahitaji kusukumwa polepole kutoka pembeni kuelekea katikati ili yaive kabla ya kukutana na chuma, na huacha masimbi, yaani mabaki yaliyoyeyuka, yanayogandamana chini na kuziba hewa. Mkaa wa kuni upondeponde hadi upate vipande vya sentimita 2 hadi 4. Vikiwa vikubwa kuliko hapo, hewa hupita katikati yake bila kuungua yote, ikafika kwenye chuma na kukivika magamba ya kutu ya joto. Vikiwa unga, hewa haipiti.

Joto utalijua kwa macho, na kwa hilo ni lazima ufanye kazi kivulini, si juani, kwa sababu chuma kinachoonekana cheusi kwenye mwanga wa mchana huenda ni chekundu kabisa ukikiingiza ndani. Wekundu hafifu unaoonekana kwa shida ni kama nyuzi 600 hivi. Wekundu ulioiva ni karibu 800. Rangi ya chungwa ni 900 na kitu hadi 1,000. Manjano ni kuanzia 1,100. Na weupe unaorusha cheche kama za fataki ni 1,300 na kuendelea, ambapo chuma chenyewe kinaungua na hakitengenezeki tena. Chuma laini kitoe kikiwa kati ya chungwa na manjano, kipige huku ukitazama rangi ikishuka, na kikifikia wekundu hafifu ukirudishe motoni hata kama ulibakiza pigo moja tu. Pigo hilo moja ndilo linaloleta ufa.

Bi Feleji

Mzee Mvukuto, shikamoo. Nakubaliana nawe juu ya moto, ila fuawe nayo ina neno, hivyo naomba nilieleze kwa ajili ya Mwanagenzi.

Si kweli kwamba bila fuawe yenye pembe huwezi kuanza. Kinachohitajika ni uzito wa chuma ulio moja kwa moja chini ya nyundo. Bonge la chuma lenye kilo 20 au 30, la umbo lolote, alimradi lina uso mmoja bapa, hufanya kazi vizuri sana. Ukipata kipande cha reli, watu wengi hukilaza kama kinavyolala njiani, nacho hurukaruka na kupiga kelele kwa sababu kiuno chake ni chembamba. Kisimamishe wima kwenye gogo, ufulie juu ya kichwa chake. Uso utakaoupata ni mdogo, lakini chini yake kuna urefu wote wa reli unaopokea pigo, na mara moja utaona chuma kikitii. Kingo zake zilainishe kwa tupa: upande mmoja uuache na ukingo wa karibu makali, upande wa pili uwe mviringo kidogo, kwa kuwa utavihitaji vyote viwili.

Urefu wa gogo ni jambo ambalo wanaoanza hulipuuza, kisha wakaumwa mgongo na kulaumu nyundo. Simama wima, mkono ukining'inia na ngumi imefumbwa. Uso wa fuawe uwe usawa wa vifundo vya ngumi. Kisha fua kipande chochote na usome alama zilizobaki juu yake. Ukiona nyundo inaacha vijimwezi vya ukingo wa mbele, ule ulio mbali nawe, fuawe yako iko chini mno. Ukiona vijimwezi vya ukingo ulio upande wako, iko juu mno. Pigo lililo sawasawa huacha kibonde kifupi cha mviringo kisicho na ukingo wowote.

Nyundo ya seremala iweke kando. Uso wake ni mdogo na mgumu, kingo zake huchanja chuma moto, na uzito wake hautoshi. Tafuta nyundo ya takriban kilo 1, kisha uusugue uso wake kwa tupa na msasa hadi uwe na mbinuko mdogo sana na kingo zilizoviringika. Usikimbilie nyundo ya kilo 2 kwa kudhani kwamba itaharakisha kazi. Mkono uliochoka haulengi, na kiwiko kikiumia hukuweka nje ya kazi kwa miezi. Mpini ushike kwa kuulegeza kidogo, uiache nyundo idunde yenyewe, na usiipige fuawe tupu wala usigonganishe nyundo kwa nyundo, maana nyuso ngumu humeguka na kutoa vipande vinavyoruka kama risasi.

Makoleo huyahitaji kwa sasa. Fulia kwenye ncha ya fito yenye urefu wa sentimita 50 au 60, na ukate kazi mwishoni. Kushika kwa koleo lisilolingana na unene wa chuma ni hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani: kipande huchomoka, nacho huanguka kwenye mguu.

Mkono wa Nyundo

Nami niongeze machache juu ya usalama, halafu nirudi kwenye suala la kisu.

Vaa nguo za pamba au ngozi. Nailoni na jamaa zake huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Suruali iwe nje ya viatu, siyo ndani, ili magamba yakidondoka yasiingie kiatuni. Miwani ya kinga ni ya lazima kuanzia unapowasha moto, na vizibo vya masikio usivione kuwa ni anasa. Sehemu yako isiyo na kuta ni bahati, kwa sababu moto wa mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekufa kwayo katika vyumba vilivyofungwa. Usitie motoni bomba lililozibwa ncha zote mbili.

Lakini kinachounguza wahunzi mara nyingi kuliko vyote si chuma chekundu, maana hicho kila mtu anakiogopa. Ni chuma cheusi. Kipande chenye nyuzi 400 hakitoi mwanga wowote, kinafanana kabisa na kilicholala hapo tangu jana. Tenga mahali pamoja pa kuwekea kila kilichotoka motoni, na kabla ya kushika kitu chochote hapo, kikaribie kwa mgongo wa mkono bila kukigusa. Glavu iliyolowa nayo usiitumie, kwa kuwa maji hugeuka mvuke na kukuunguza ndani ya glavu.

Sasa kisu. Springi za magari kwa kawaida ni feleji, yaani chuma kinachoweza kugumishwa, yenye kaboni karibu asilimia 0.6, ilhali chuma laini hakizidi asilimia 0.25. Tofauti hiyo ndogo hubadilisha kila kitu. Feleji ni ngumu kuifua, haivumilii manjano makali, hupasuka ikipigwa ikiwa imepoa, na ikitoka motoni ikaguswa na maji hupata nyufa usizoziona. Zaidi ya hayo, kisu kinahitaji unyooshe, uchonge, ugumishe, urudishe ulaini na unoe, na kosa katika hatua moja hufuta kazi ya hatua zote zilizotangulia. Anza na fito ya chuma laini ya milimita 10 au 12, ya mraba ukiipata. Nondo zako zinaweza kutumika kwa mazoezi, ila si za kutegemewa, kwa sababu vilivyoyeyushwa kuzitengeneza hutofautiana, na nyingine hugumuka ghafla pale usipotarajia. Usizitumbukize majini zikiwa nyekundu, na usitengeneze kwazo kitu cha kubeba mzigo juu ya kichwa cha mtu.

Fua ncha ya mraba. Kisha igeuze iwe ya pembe nane, halafu ya mviringo. Ukishaiweza, ikunje iwe kulabu. Ndani ya kulabu moja ya kuning'inizia vitu kuna kurefusha, kukunja, kusokota na kulinganisha jicho, nayo itakufundisha mengi kuliko kisu kibaya.

Bi Feleji

Hapo nitatofautiana na Mkono wa Nyundo kidogo. Chuma laini kwanza, sawa kabisa. Lakini sioni sababu ya kuiacha springi ilale kwa muda mrefu. Mwanafunzi akishaweza ncha nzuri ya mraba, atengeneze tindo kutokana na springi hiyo. Tindo ni nene, inasamehe, na ataihitaji kukatia chuma moto kila siku. Kwa kuifua ataihisi mkononi tofauti ya feleji na chuma laini, jambo ambalo maelezo hayalifikishi.

Mwanagenzi

Nawashukuru mno, mzee wangu na ninyi nyote. Bomba la zinki nimelitupa, tanuri la udongo nimelijenga na limekauka, na nimepata kipande cha reli nilichokisimamisha wima kama alivyoelekeza Bi Feleji. Moto unawaka vizuri na chuma kinafika rangi ya chungwa bila shida.

Tatizo langu ni ncha. Nikianza kuirefusha fito ya mraba, mwisho wake hufunguka katikati kama mdomo wa samaki, na nikizidi kupiga mdomo huo hujifumba na kubaki na ufa ndani. Vilevile mraba hauendelei kuwa mraba. Baada ya mapigo kadhaa umbo hulala upande, pembe mbili zikiwa ndefu na mbili fupi. Nikijaribu kurekebisha, hali huzidi. Tena uso wa chuma umejaa vidimbwi vidogo. Nini kinachonishinda?

Mzee Mvukuto

Hayo matatu yana sababu tatu tofauti, na zote zinatibika.

Mdomo wa samaki hutokea kwa sababu unapiga nyuma ya ncha badala ya kwenye ncha yenyewe, au kwa mapigo mepesi juu ya chuma ambacho joto lake limeanza kushuka. Ngozi ya nje hutembea mbele, moyo wa fito ukabaki nyuma, ndipo mwisho unapobonyea. Weka milimita chache tu za mwisho juu ya ukingo wa mbali wa fuawe, inua mkono wa kushoto kidogo ili fito iiname, na uinamishe nyundo kwa pembe hiyohiyo. Tengeneza kwanza ncha fupi na butu, yenye pembe ya kama nyuzi 45 hivi, upande huu na upande wa robo mzunguko, chuma kikiwa na rangi ya manjano. Ncha butu ikishafungika ndipo uanze kurudi nyuma kidogo kidogo na kuirefusha. Mdomo ukishafunguka usiufumbe kamwe. Ukate au uusage kwa tupa ikingali mapema, maana ufa uliofumbwa haujiungi wenyewe, utakuja kufunguka siku unapokunja kulabu.

Umbo kulala upande ni suala la mkono wa kushoto. Unageuza fito kwa zaidi au pungufu ya robo mzunguko, na kila pigo linaongeza kosa la pigo lililotangulia. Unapoliona, acha kupiga bapa zake. Pasha moto hadi manjano, simamisha zile pembe mbili ndefu moja juu na moja chini, uzipige kwa upole mpaka zilingane na nyingine, kisha urudi kwenye bapa. Ukijaribu kurekebisha kwa chuma chekundu cheusi utapasua pembe.

Vidimbwi ni magamba uliyoyapigilia ndani. Kila unapotoa chuma motoni kipitishe kwenye brashi ya waya mara moja, haraka, na uso wa fuawe upanguse usiwe na magamba yaliyodondoka. Yakiwa mengi kupita kiasi, hewa yako imezidi: punguza upulizaji na uongeze kina cha mkaa chini ya chuma. Moto mzuri haulii sana.

Mkono wa Nyundo

Kwa kuwa Bi Feleji ameleta habari ya tindo, na kwa kweli hoja yake ina nguvu, nieleze jinsi ya kuigumisha utakapofika huko, ili usije ukabahatisha.

Ifue ikiwa kati ya chungwa na wekundu ulioiva, usiivushe kwenye manjano makali. Ukimaliza umbo, ipashe hadi wekundu ulioiva na uiache ipoe yenyewe hewani, mara mbili au tatu, ili mkazo uliojengeka kwa mapigo ulegee. Kisha uwe na sumaku karibu. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kwenye nyuzi 770, kwa hiyo pasha ncha, iguse sumaku, pasha tena. Pale sumaku inapoacha kushika, iongeze joto kidogo tu kupita hapo, kisha uichovye ncha wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi kama nyuzi 50. Chombo cha mafuta kiwe cha chuma, kirefu, chenye kifuniko kilicho tayari mkononi, kwa sababu mafuta huweza kushika moto pale chuma kinapoingia. Usitumie ndoo ya plastiki, na usitumie maji kwa feleji ya springi.

Ijaribu kwa tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, imegumuka. Lakini sasa ni brito, yaani inavunjika kwa pigo, hivyo ni lazima kuipunguzia ugumu kidogo. Isugue kwa msasa hadi ing'ae, kisha upashe sehemu ya nyuma polepole, mbali na makali, ukitazama rangi zikitembea kuelekea ncha. Hutangulia manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 220 hadi 230, kisha kahawia, kisha zambarau karibu 280, na buluu karibu 300. Kwa tindo subiri zambarau ifike kwenye makali, kisha itumbukize kwenye mafuta yaleyale ili rangi isimame hapo. Rangi hizo ni utando mwembamba tu wa kutu ya joto, kwa hiyo uso usiosuguliwa vizuri hautakuonyesha chochote.

Upande wa tindo unaopigwa na nyundo usiugumishe. Uache laini, na ukianza kuvimba na kutanuka kama uyoga, usage kingo zake zilizojikunja kabla hazijamegukia jichoni.

Mwanagenzi

Nimekuelewa, ndugu. Leo ncha ya mraba imekubali, haina mdomo, ingawa bado inaelemea upande kidogo. Nitaendelea na chuma laini mpaka kulabu mbili zilingane zikiwekwa pamoja, ndipo niiguse springi. Swali moja la mwisho: springi yenyewe ni pana na nene, niikate vipi vipande vyembamba bila kuiharibu?

Bi Feleji

Kama una grinda, ikate kwa urefu ikiwa baridi, lakini simama kila mara ipoe, na usiache ukingo ugeuke buluu na kuguswa na maji. Kama huna, ipashe yote hadi wekundu ulioiva, uifukie ndani ya jivu kavu ipoe usiku kucha, na asubuhi msumeno wa chuma utaingia. Tazama kwanza kingo zake kwenye mwanga: springi iliyotumika miaka mingi huwa na nyufa nyembamba kama unywele, hasa karibu na tundu la katikati. Kipande chenye ufa kiweke kando, ukate mbali nacho.